Harufu ya Byron

Harufu ilianza walipopita Ahero, na hakuna aliyeitaja.

Calvince aliisikia akiwa kwenye usukani. Ilitoka nyuma, kupitia kidirisha kidogo kilichotenganisha kiti cha dereva na sehemu ya waombolezaji. Ilikuwa kama harufu ya yai viza, nyepesi mwanzoni, kisha ikashika koo. Akatazama kwenye kioo. Jeneza lilikuwa katikati, limefungwa kwa mikanda, na pande zake zote mbili kulikuwa na mabenchi marefu yaliyojaa wanawake. Kwenye benchi la kushoto aliketi Dorca, mama wa marehemu, kiganja chake kikiwa juu ya mbao, pale alipojua kichwa cha mwanawe kimelala. Winny, bintiye, alikuwa amejifunika pua kwa leso kama mtu mwenye mafua. Wote walitazama mbele.

Calvince alikuwa ameliendesha gari hilo la maiti muda wa kutosha kujua jinsi watu wanavyofanya. Marehemu anapokwenda nyumbani, hakuna anayesema kwamba ananuka. Kusema hivyo ni kumtukana, tena mbele ya mama yake. Watu hukohoa, hufuta macho, huinamisha vichwa. Kazi ya dereva ni kuongeza sauti ya muziki.

Akaongeza. Vipaza sauti vilivyofungwa juu ya paa vikamwaga nyimbo za kwaya barabarani, na wauza mchele kando ya njia wakavua kofia.

Asubuhi hiyo, katika uwanja wa mochari mjini Kisumu, mambo yalikuwa tofauti. Wechuli, mhudumu aliyeutayarisha mwili, alikuwa amefunua kitambaa ili Dorca amtazame mwanawe.

"Mwili iko sawa kabisa, Mama," Wechuli alisema. "Hata ukikaa naye nyumbani siku mbili, hakuna shida."

"Nataka usiku mmoja tu," Dorca alijibu.

Kisha, wakati wanaume wakipandisha jeneza, alimweleza Calvince jambo hilo bila kuulizwa, kama wanavyofanya watu ambao hawajalala. Byron alikuwa fundi wa mjengo huko Kisian. Jukwaa la mbao lilikatika akaanguka pamoja na mawe yake. Alikuwa amewajengea watu wengi, lakini nyumbani kwao, upande wa Pap Onditi, hakuwa ameweka hata kijumba chake, na kwao mwanamume mzima hazikwi kama mtoto anayetoka kwa mama yake. Kwa hiyo ndugu walimjengea simba, nyumba ya kijana, wakati yeye akingoja mochari. Dorca mwenyewe ndiye aliyeikandika udongo.

"Leo atalala kwake," alisema. "Mbele ya mlango wake. Na kesho tukifungua, watu wamwone uso. Uso haukuumia, uliona? Uso wake ni mzuri."

"Niliona, Mama," Calvince alisema, na ilikuwa kweli.

Sasa Mzee Absalom, aliyeketi mbele kando ya Calvince, alijikuna kidevu na kuinamisha kichwa. Yeye alikuwa kaka wa baba yake Byron. Baba mwenyewe alikufa zamani, na maamuzi yote ya mazishi yalikuwa mikononi mwa mzee huyu.

"Dereva," alisema kwa sauti ya chini. "Unasikia?"

"Nasikia, Mzee."

"Wale watu wa mochari wametudanganya."

"Wechuli kazi yake huwa safi, Mzee. Mimi namjua."

"Na pua yangu nimeazima kwa nani?"

Mbele yao paa za mabati za Katito zilikuwa zimeanza kuonekana. Ilikuwa siku ya soko, na watu walikuwa wamejaa hadi ukingoni mwa lami. Absalom aligeuka akagonga kidirisha.

"Fungeni madirisha huko nyuma," alisema. "Watu wa Katito wasije wakatuzungumzia."

Madirisha yakafungwa. Ilikuwa heshima, na kila mmoja aliielewa. Jua la saa sita likapiga paa, nyimbo zikaendelea kuvuma juu, na ndani harufu ikakosa pa kutokea. Shangazi mmoja alitoa chupa ya marashi akanyunyiza juu ya maua ya jeneza. Mchanganyiko ule ulikuwa mbaya kuliko harufu yenyewe. Mwanamke wa pembeni akaanza kukohoa mfululizo.

"Lia tu, Min Byron," shangazi alimwambia Dorca, akimwita mama Byron kwa Kijaluo. "Usijizuie."

"Silii," Dorca alisema. "Macho yananiwasha. Na kichwa kinazunguka."

"Ni uchungu huo. Lia."

Macho yalikuwa mekundu kwa wote, lakini siku kama hiyo ni nani angeuliza kwa nini? Dorca aliinama, akatapika ndani ya kanga yake.

Calvince alisimamisha gari walipokwisha pita soko, kwenye barabara ya kuelekea Kendu Bay. Basi la waombolezaji wengine, lililowafuata tangu Kisumu, likasimama nyuma yao. Winny na shangazi wakamteremsha Dorca, wakamketisha kwenye nyasi, wakampa maji. Uso wake ulikuwa umepauka.

Calvince alimwamini Wechuli. Hilo ndilo lililomfanya apige magoti na kuchungulia chini ya gari. Aliangalia bomba la moshi, akapitisha mkono karibu na kila kiungo: halikuvuja. Akafuata mpira wa dizeli kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini: mkavu. Akakagua magurudumu na upande wa ndani wa bampa, asije akawa amebeba mzoga wa mnyama.

"Oya dere, umegonga mbwa ama?" kijana mmoja aliuliza kutoka dirishani mwa basi, na wenzake wakacheka, kisha wakakumbuka walikokuwa wanakwenda, wakanyamaza.

"Unatafuta nini huko chini?" Absalom alimuuliza.

"Labda ni gari, Mzee. Hizi za dizeli huwa na harufu nyingi."

"Dizeli hunuka dizeli. Hii si dizeli."

"Niangalie ndani basi. Tukishusha jeneza kidogo tu, niinue mabenchi..."

"Tushushe wapi? Hapa barabarani?" Absalom alimtazama kana kwamba amesema jambo la aibu. "Kijana, wewe ni wa wapi? Ukimteremsha mtu njiani, anaweza kukataa kuendelea. Umewahi kuona gari linazimika na jeneza ndani, watu wanaomba na kubembeleza mpaka jua linazama?"

Calvince aliwahi kuona. Alijua pia kwamba bila kulitoa jeneza asingeweza kufungua chochote, kwa sababu mikanda yake ilipita juu ya mabenchi na kufungwa huko. Alisimama akapangusa magoti. Angeweza kusisitiza. Lakini yeye alikuwa dereva tu, na marehemu hakuwa wake.

Absalom akatoa simu, akasogea hatua chache, ingawa si mbali vya kutosha.

"Kaburi limefika wapi? ... Malizieni. Ndiyo, leo. Tukifika tunazika. Mwambie mchungaji aje sasa hivi."

Dorca aliinuka kutoka kwenye nyasi bila kushikwa na mtu.

"Shemeji, umesema nini?"

"Min Byron, kaa chini kwanza."

"Umesema tunazika leo?"

"Umesikia hiyo harufu mwenyewe. Umetapika."

"Nyumba yake nimeikandika kwa mikono hii." Aliinyoosha mbele, na kwenye kucha bado kulikuwa na udongo. "Atalala kwake usiku mmoja. Wewe mwenyewe ulikubali."

"Nilikubali kabla sijajua." Absalom hakupaza sauti. "Fikiria kidogo. Watu watakesha hapo nje wameshika pua. Kesho tutafungua jeneza na watakimbia. Halafu kila wakisikia jina la Byron watakumbuka nini? Watakumbuka hiyo. Mimi ndiye ninayemlinda sasa."

"Basi wao waende makwao. Nitakaa naye peke yangu."

"Haiwezekani."

"Mimi simwogopi. Alipozaliwa si nilimwosha mimi?"

Mzee alitikisa kichwa, na machozi yalikuwa machoni mwake pia. Hakuwa mtu mbaya. Dorca alimtazama, kisha akatazama gari, na Calvince aliona jinsi mabega yake yalivyoshuka. Hata mama mwenyewe alikuwa ameamini kwamba ni mwanawe anayenuka. Alirudi ndani, akaketi palepale, akarudisha kiganja chake juu ya mbao, lakini safari hii alikuwa amegeuza uso upande mwingine.

Nyumbani walipofika, jeneza liliteremshwa haraka kama gunia la mtu mwingine. Wanawake walipiga mayowe, mbwa wakabweka, na wanaume sita wakapita mbele ya simba mpya bila hata kupunguza mwendo. Kuta zake zilikuwa bado na unyevu. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili yake. Wakaenda moja kwa moja kaburini, ambako vijana walikuwa wakitupa udongo wa mwisho nje, na mchungaji, aliyeitwa kwa simu akiwa shambani, akavaa koti lake huku akitembea. Sala ilikuwa fupi. Dorca aliomba mara moja tu wafungue, upande wa uso peke yake. Absalom alimkumbatia akamshikilia hadi kamba zilipoanza kushuka.

Calvince hakusubiri. Walimwambia aondoe gari mahali ambapo hema lingewekwa, akaenda kuliwasha. Alilisogeza karibu na ua, akalikanyagia mafuta kidogo lipande mteremko, na harufu ikaja.

Ikamjia usoni kama ilivyokuja Katito, nzito, ya yai viza.

Aligeuka polepole. Nyuma hakukuwa na kitu. Mabenchi, mikanda iliyoning'inia, petali chache za maua sakafuni. Byron alikuwa kaburini, na harufu ilikuwa hapa.

Alizima injini, akafungua milango yote, akaingia kwa magoti akinusa kama mbwa. Sakafu ilinuka dawa aliyoioshea asubuhi. Benchi la kulia halikuwa na kitu. Benchi la kushoto, pale alipokuwa ameketi Dorca, lilikuwa na joto. Alivuta mto, akainua kifuniko cha ubao, na mvuke ukampiga machoni.

Ilikuwa betri. Mwenye gari aliifunga humo chini, betri ya pili, ili vipaza sauti viweze kuimba kutwa nzima kwenye maboma ya watu bila kumaliza betri ya injini. Pande zake zilikuwa zimevimba. Vizibo viwili vilikuwa vimeruka, na ndani maji yake ya asidi yalikuwa yakitoa mapovu kama uji, ingawa injini ilikuwa imezimwa. Unga mweupe ulikuwa umeota kwenye nyaya. Kile kidude cha altaneta kinachozuia chaji isizidi kilikuwa kimekufa, na kila mwendo wa gari ulikuwa unaipika betri ile. Ndiyo maana siku za karibuni taa za mbele zilikuwa zikiwaka kupita kiasi, na balbu kuungua ovyo. Alikuwa akibadilisha balbu tu.

Akaketi sakafuni. Akakumbuka bibi mmoja waliyempeleka mwezi uliopita, ambaye binti zake walizika upesi huku wakiwalaani wahudumu wa mochari. Na yule mwalimu mstaafu ambaye mjane wake alikataa kuketi karibu na jeneza. Wote walikuwa wamefunga madirisha, wote wakanyamaza kwa heshima. Ndani ya gari lile, kosa la chuma lilikuwa likibebeshwa watu wasioweza kujitetea.

Alikimbia. Alipofika kaburini koleo zilikuwa zikifanya kazi kwa kasi, na udongo ulikuwa umekaribia kujaa. Absalom alimwona akija, akamkamata mkono.

"Nini?"

"Mzee, si yeye. Ni gari. Betri inachemka chini ya benchi. Njoo unuse, gari halina mtu na bado linanuka."

Absalom akamvuta hadi nyuma ya migomba.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi inatosha."

"Mzee..."

"Sikiliza, kijana wangu. Unaona udongo ule? Unataka tumfukue?"

"Hapana."

"Basi ukimwambia mama yake, unampa nini? Leo amezika mtoto. Unataka umwambie kwamba ule usiku wake tumeuchukua bure?" Sauti yake ilivunjika kidogo. "Mimi ndiye niliyepiga simu. Mimi. Acha nibebe peke yangu. Wewe nenda na gari lako."

Calvince alirudi kwenye gari. Alitaka kukata nyaya za betri, afunge milango, arudi Kisumu. Aliona kwamba mzee alikuwa na haki kiasi fulani, na haki hiyo ilimwelemea. Alikuwa ameshika spana mkononi walipopita wanawake wawili wakibeba sufuria kuelekea jikoni.

"Mimi hata chakula sitaweza," mmoja alisema. "Ile harufu bado iko hapa kooni."

"Wacha, dada. Na alikuwa kijana msafi, unakumbuka? Shati kila siku limepigwa pasi."

"Kifo hakijui pasi. Alikuwa ameoza huyo, tusidanganyane."

Dorca alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, karibu sana na njia ile. Hawakuwa wamemwona. Hakugeuka. Alikuwa akitazama mikono yake.

Calvince aliweka spana chini, akaenda akachuchumaa mbele yake.

"Mama," alisema. "Haikuwa Byron."

Alimweleza yote. Alieleza vibaya, akirudia maneno, akitaja altaneta na asidi na vizibo. Dorca alimsikiliza bila kupepesa macho.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

"Kwa hivyo mtoto wangu..."

"Alikuwa vile ulivyomwona asubuhi, Mama. Alikuwa safi."

Kofi lilimpata shavuni kabla hajaona mkono ukinyanyuka. Lilikuwa kofi la mtu mchovu, lakini lilimtoa machozi.

"Ungeniambia Katito."

"Katito sikujua."

"Ulijua. Ulipiga magoti chini ya gari, nilikuona. Ulikuwa unatafuta nini, kama hukujua?"

Kulikuwa na majibu, juu ya mila, na mzee, na jeneza lisiloteremshwa njiani, lakini hakuna hata moja ambalo angeweza kulisema akiutazama uso ule. Aliinamisha kichwa akingoja kofi la pili. Halikuja.

"Nipeleke," Dorca alisema.

Alimshika mkono hadi kwenye gari. Dorca alipanda, akapiga magoti kando ya benchi alilokuwa amelikalia njia nzima, akainamisha uso juu ya betri. Akakohoa. Akanusa tena. Alinusa kwa makini kama mama anayenusa nguo za mtoto kujua kama zinahitaji kufuliwa. Aliposhuka alikuwa analia kweli, kwa sauti kubwa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Washa," alimwambia.

"Mama, ni hatari. Ikizidi inaweza kulipuka."

"Washa kidogo. Nataka inuke."

Aliwasha. Betri ikaanza kuguna. Dorca alijifunga kanga kiunoni, akaenda hadi katikati ya uwanja, mahali ambapo watu walikuwa wanarudi kutoka kaburini wakipangusa udongo mikononi.

"Njooni!" aliita. "Kila mtu aliyekuja na mimi leo, njooni hapa kwenye gari. Winny! Njoo. Shangazi, wewe na marashi yako, njoo. Na nyinyi wa sufuria, wekeni chini."

"Ni uchungu," mtu mmoja alinong'ona. "Mshikeni."

"Asinishike mtu! Njooni mnuse!"

Winny ndiye aliyekwenda kwanza. Alichungulia ndani, akashtuka, akatazama sakafu tupu, kisha akamtazama mama yake.

"Ni nini hiyo unasikia?" Dorca aliuliza.

"Ni... ni betri, Mama."

"Si Byron?"

"Si Byron."

"Sema kwa nguvu."

"Si Byron!"

Shangazi akaja, akainama, akasema vivyo hivyo. Vijana wa basi wakaja, na yule aliyeuliza juu ya mbwa akavua kofia kabla hajachungulia. Wale wanawake wawili walikuja wameshikana mikono, na mmoja alipomaliza kunusa aliketi chini palepale, akajipiga paja, akalia akimwomba Byron msamaha kwa jina lake lote. Hakuna aliyesema tena kwamba ni uchungu. Walipanga mstari wenyewe.

Absalom alisimama mbali kando ya migomba mpaka karibu wote walipokuwa wamepita. Kisha akaja, fimbo mkononi, akitembea kama mtu aliyezeeka mchana huo. Hakumtazama Calvince. Alishika ukingo wa mlango, akaingiza kichwa ndani, akakaa hivyo muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote.

"Shemeji," Dorca alisema nyuma yake. Sauti yake haikuwa kali. "Unasikia?"

Mzee alijaribu kusema, akakohoa. Akajaribu tena.

"Nasikia, Min Byron," alisema. "Si yeye."

"Taja jina lake."

"Si Byron."

Dorca aliitikia kwa kichwa, akamshika mzee kiwiko ili asianguke wakati anageuka. Kisha akamwashiria mchungaji, ambaye alikuwa bado amesimama mbali, koti lake mwilini, aje naye anuse.